Siku moja maishani mwangu: mkunga wa Katuba, Lubumbashi

Saa kumi na mbili asubuhi. Taxibus za kwetu ni kusukumana, kwa hiyo naondoka mapema.

Saa moja na nusu. Mizani kwanza. Naijaribu kwa mfuko wa unga wa kilo 25. Ikisoma 27, kila jina nitakaloandika leo litakuwa na kilo za uongo.

Saa mbili. Kliniki ya wajawazito. Wengi wanakuja mimba ina miezi minne au mitano. Presha, uzito, vidonge vya chuma na vitamini ya foliki, anayefuata. Tatizo ni kwamba foliki hulinda mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, nao hufunga kama siku ya 28 tangu mimba kutunga, wakati mama hajashtukia lolote. Usipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Unene wa mama nao unaongeza hatari hiyo, na unaohesabika ni ule alioingia nao kwenye mimba. Aliyefika miezi minne simwambii ajikondeshe. Amechelewa, na njaa itamwumiza bure.

Saa nne. Uzazi wa mpango. Kwangu kazi yenyewe iko hapa. Mama mmoja, muuza vitenge, anataka tumtoe kipandikizi apate mtoto wa tatu. Kilo 84, urefu 1.60. Nashika simu: 84 gawanya kwa 1.60, gawanya tena kwa 1.60, inatoka 32.8. Hicho ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI), na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza.

"Yaya, dada yangu, ni bwana ananitunza!" Anacheka. Simlaumu. Kwetu, mke akikonda, majirani wanamsema mume.

Nampa hesabu, maana vitisho havijawahi kumpunguza mtu. Sweden walichunguza watoto zaidi ya milioni moja waliozaliwa kati ya 2001 na 2014. Wenye kasoro kubwa walikuwa 3.4 katika kila mia kwa mama wa uzito wa kawaida, 3.8 kwa wenye BMI ya 30 hadi 34, na 4.7 kwa waliofika 40. Kasoro za moyo ndizo zilizoongoza.

"Basi wengi wanazaliwa wazima?"

Wengi sana, mama.

Anaamua kubaki na kipandikizi kwanza. Kesho atapimwa sukari kabla hajala, kwani kisukari cha kabla ya mimba kinamdhuru mtoto kuliko kilo zenyewe. Bukari, yaani ugali, apunguze, maharagwe aongeze, soda ya kila mchana aiache. Foliki ataanza angalau mwezi mmoja kabla ya kutoa kipandikizi. Daktari anaandika ya miligramu 5. Namwonya: siku ya kupewa Fansidar ya mimba asiwe bado anameza kipimo hicho, kwa sababu kinaidhoofisha dawa ya malaria. Wakati huo itatosha ya 0.4.

Saa saba. Nakula nimesimama.

Saa nane. Ekografi, yaani ultrasound. Kwa mama mnene mafuta ya tumbo yanafifisha picha, na moyo wa mtoto hauonekani vizuri. Tunamwomba arudi baada ya wiki mbili, naye anadhani tunamficha kitu. Hapo maelezo ni marefu kuliko kipimo.

Saa kumi. Muuza vitenge anapiga simu: mama mkwe wake anasema tunataka kumkondesha mke wa mwanawe. Namwambia waje Jumanne, na bwana pia. Yeye naye nitampandisha kwenye mizani.