Lazima gurudumu la ndani linyanyuke

Mdogo wangu ni fundi magari Tanga, mtaa wa Chumbageni. Mwaka jana nilimpigia simu ya video nikamwonyesha gokati, vile vigari vya mbio visivyo na paa wala milango, dereva anakaa sentimita chache tu juu ya lami. Hakuuliza inakimbia kiasi gani. Alisema, "Kaka, hebu nionyeshe nyuma." Nikainamisha simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mbona haina difu?"

Wakati huo nilikuwa nimeshaendesha miezi miwili katika uwanja wa Rye House, Hoddesdon, kaskazini mwa London, si mbali na Harlow ninapoishi. Kila nikiingia kona kali gokati ilikuwa inakataa kugeuka, inataka kwenda moja kwa moja, na mimi napigana na usukani mpaka mabega yanauma. Kumbe jibu lilikuwa Chumbageni.

Alinieleza hivi. Gari la kawaida likikata kona, tairi la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yapishane mwendo. Gokati haina kitu hicho. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, matairi yote mawili yanazunguka sawasawa. Kwa hiyo ili igeuke, tairi la nyuma la ndani lazima linyanyuke kidogo kutoka chini, gokati ibaki inasimamia matatu. Wala haina springi wala shokapu. Fremu yenyewe inajipinda, na ukikata usukani magurudumu ya mbele yanaisukuma ipinde upande unaotakiwa. "Sasa ukigeuza kwa kusitasita," akasema, "tairi linabaki chini linaburuta. Geuza mara moja, kwa uhakika, halafu uanze kuurudisha usukani mapema."

Jumapili iliyofuata nilikwenda na maneno yake kichwani. Mzunguko wa sita au wa saba, kwenye kona ya kulia, nilifunga breki nikiwa bado nimenyooka, nikauachia mguu, nikakata mara moja. Usukani ukawa mwepesi mikononi ghafla, kama ndoo iliyotoka kisimani ikafika ukingoni. Nyuma pakatulia. Nikakanyaga mafuta na gokati ikatoka kwenye kona bila kubishana. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Karatasi ya muda waliyonichapishia baadaye ilionyesha nimepunguza sekunde moja na nukta nne kwa mzunguko, na huko watu hupigania sehemu ya kumi ya sekunde. Karatasi ile iko ukutani jikoni kwangu mpaka leo.

Kingine kilichonivuta ni ule mlio. Gokati nyingi za kukodi zinatumia injini ndogo za Honda za stroki nne, za jamii ile ile inayoendesha pampu za maji na jenereta kwetu. Baba alikuwa na pampu ya namna hiyo kwenye bustani yake ya mboga Muheza, na mimi ndiye niliyekuwa navuta kamba kila alfajiri. Siku ya kwanza Rye House waliwasha gokati kumi kwa mpigo, na nikasikia harufu ya mchicha. Nilipokuja kusoma kwamba gokati ya kwanza ilitengenezwa California mwaka 1956 na fundi wa magari ya mbio, Art Ingels, kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi, sikushangaa. Ni mchezo uliozaliwa gereji, na wanaoupenda kwa dhati bado ni watu wa spana.

Uwanjani hapo hapo ndipo Lewis Hamilton, bingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula One, alipoanzia akiwa mtoto wa miaka minane. Babu yake alihamia Uingereza kutoka kisiwa cha Grenada miaka ya 1950, na baba yake alifanya kazi zaidi ya moja ili kumlipia mtoto mchezo. Nikipita ile kona ya kulia namfikiria yule baba zaidi ya bingwa mwenyewe, amesimama kwenye baridi pembeni ya uzio, kesho ana zamu.

Nami nina zamu. Nafanya kazi ghalani, usiku nne kwa wiki, na Watanzania wenzangu hapa wameniambia waziwazi kwamba gokati ni kuchezea hela wakati nyumbani kuna mahitaji. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Ya mama natuma kila mwezi kabla sijagusa chochote. Kinachobaki nakwenda mara moja kwa mwezi, na siku hiyo moja naishi. Miaka minne ya kwanza hapa sikuwa na kitu chochote nilichokifanya kwa kukipenda tu, na nilikuwa nakauka.

Sasa tumefika kwenye mvua. Mwezi uliopita lami ilikuwa imelowa, nikagusa breki nikiwa ndani ya kona, nikazunguka kama pia mara mbili. Gokati za namna hii breki iko nyuma tu, ukiibana umegeuka, nyuma inakuja mbele. Nilimsimulia mdogo wangu. Akaniuliza napita wapi, nikamwambia njia ile ile ya siku zote. "Hapo ndipo penye mpira," akasema. "Matairi ya wote yameacha mpira wao pale. Pakikauka panashika, pakilowa ni sabuni. Pita nje, kwenye lami ambayo watu hawaipiti."

Utabiri wa Jumapili ijayo unasema mvua kuanzia asubuhi. Nimeshalipia.