Si kila anayebeti ni mgonjwa

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Tanga, wazazi kutoka Ngamiani na Chumbageni huniletea vijana wao wakiwa wamekwisha kuupa ugonjwa jina: "Mwalimu, mtoto huyu amekuwa teja wa kubeti." Kauli hiyo ni nzito katika mji ambao familia nyingi zimeumizwa na heroini, nami naona ni wajibu wetu kuuliza kwa makini kama kijana anayeweka mkeka kila mwisho wa wiki anastahili kuhesabiwa pamoja na mtu aliyelala na arosto, yaani mateso ya mwili unaodai dawa uliyoizoea.

Mabingwa wa tiba ya akili wenyewe wamekuwa wakilibadilisha jibu lao. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiingiza kamari iliyopindukia katika mwongozo wake wa magonjwa, lakini kikaiweka miongoni mwa matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo. Ni katika toleo la tano, lililotoka mwaka 2013, ndipo ilipohamishiwa kwenye sura ya uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Katika kuhama huko, kigezo cha kutenda uhalifu ili kupata fedha za kuchezea kilifutwa, na dalili zinazotosha kumwita mtu mgonjwa zikashuka kutoka 5 kati ya 10 hadi 4 kati ya 9. Mtu mwenye dalili nne akawa mgonjwa pasipo chochote kubadilika katika mwenendo wake. Sisemi kwamba ugonjwa huo ni wa kubuni; nasema kwamba mpaka wake umechorwa na watu, na watu wanaweza kuuchora upya.

Michezo ya intaneti toleo hilo liliiacha miongoni mwa mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Shirika la Afya Duniani halikusita kiasi hicho: uainishaji wake wa 11 wa magonjwa, uliopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, unautambua uraibu wa kamari na ule wa michezo ya kidijitali. Kabla ya hapo, mwaka 2017, kundi la watafiti lilikuwa limepinga hadharani huo wa michezo ya kidijitali usiingizwe, likisema kwamba vigezo vilikuwa vimeazimwa mno kutoka kwenye dawa za kulevya na kwamba watoto wenye afya wangebandikwa jina la ugonjwa. Wengine waliwajibu kwamba wagonjwa walikuwa tayari mlangoni pa kliniki na hawakuwa na pa kuandikwa.

Hoja ya kuazima naiona kuwa ya kweli. Mtoto akinyang'anywa mchezo anaoupenda atakasirika, na hasira hiyo pekee haithibitishi kwamba mwili wake unadai kitu. Shabiki wa Coastal Union huiwaza mechi ya Mkwakwani juma zima, wala hatumpeleki hospitali. Ndiyo maana navikubali zaidi vigezo vitatu vya Shirika la Afya Duniani: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umeyapiku mambo mengine ya maisha yake, na anaendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Humo hamna hesabu ya saa, wala hamna arosto.

Tena kuna suala la dini, ambalo katika mji wetu haliwezi kurukwa. Kijana mmoja hubeti shilingi 1,000, akikosa anarudi kwenye kazi yake, lakini nyumbani hakuna amani kwa sababu baba yake anaiona kamari kuwa haramu. Mwingine, dereva wa bodaboda, amebetia hesabu ya tajiri wake, akakopa ili aifidie, akamwahidi mama yake kwamba ameacha, na usiku uleule akarudi kwenye simu. Yule baba ana haki kamili ya kukataza, lakini katazo lake si utambuzi wa ugonjwa. Na huyu wa pili, anayeitwa mhuni na mtaa mzima, ndiye anayehitaji tiba. Uainishaji huohuo, unapoeleza tatizo la tabia za ngono zisizozuilika, unatamka wazi kwamba dhiki inayotokana tu na hukumu ya kimaadili haitoshi kumfanya mtu awe mgonjwa. Kwa maoni yangu tahadhari hiyo ingefaa vilevile kwenye kamari.

Wanaosema kwamba yote haya ni tabia mbaya tu, ningependa wawatazame wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ugumu wa mwili. Baadhi yao, walipopewa dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, walianza kucheza kamari bila kujizuia ilhali hawakuwa wachezaji kabla, na mara nyingi hali hiyo hupungua dozi inaposhushwa au dawa inapobadilishwa.

Shirika la Afya Duniani limetenga pia fungu la kubeti kwa hatari, ambalo si ugonjwa bali ni mwenendo unaoelekea kudhuru na unaofaa kupewa ushauri mapema. Vijana wengi ninaoletewa naona wako hapo. Ningetaka mganga wa zahanati, anapompokea kijana asiyepata usingizi au anayezungumza habari za kujidhuru, amuulize pia kuhusu kubeti na madeni, kwa utulivu uleule anaomuulizia kuhusu pombe.