Siku moja kwenye kibanda cha vipimo, Lubumbashi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko njiani, nikiruka madimbwi, kwa kuwa ni Januari na mvua ya Katanga imeshika. Watu wengi hudhani kwamba mpima hali ya hewa ni mtu wa kukisia tu. Kazi yangu ni kusoma, kuandika na kutuma, kila saa, bila kukosa.

Saa kumi na mbili ninafungua kibanda cheupe cha mbao, ambacho mlango wake unaelekea kusini ili kwa miezi mingi ya mwaka jua lisipige vipimajoto. Kimoja ni kikavu. Kingine kimevishwa kitambaa cha pamba kinachonyonya maji kutoka chupani. Maji ya kitambaani yanapogeuka mvuke hupunguza joto la kipimajoto hicho, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayonionyesha kiasi cha unyevu hewani. Leo kitambaa kimeota ukoko wa chokaa, kwani usiku maji safi yaliisha, mwenzangu akatia ya bomba. Nimekibadilisha na kusubiri hadi kilowe chote.

Saa mbili nimetuma taarifa kuu ya asubuhi, na zilizofuata zikapita vivyo hivyo.

Saa tano na nusu akaja mfyatuaji matofali, amekasirika. Mvua ya jana iliyeyusha matofali yake mabichi, naye alitaka kujua mbona hakuonywa. Nilimweleza kwamba mimi hupima, na utabiri hutolewa kwingine, hakuridhika. Alikaa karibu saa nzima, akirudia lile lile, huku nikisimama kila mara kwenda kutazama mawingu. Mwishowe akauliza: “Mama, mvuke wote huu unapanda kila siku. Mbona huko juu hakujai maji?”

Uchovu wangu ulipungua hapo hapo. “Papa,” nilimwambia, “huko juu kuna lango, na bawabu wake ni baridi.” Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikipanda polepole hadi kilomita 16 au 17 juu ya nchi za tropiki, hukuta baridi ya karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, ambako kiasi hicho hakifiki hata miligramu 1. Mvuke unaozidi huganda na kuanguka, na hewa inayovuka kuingia stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lango hilo, hubaki na chembe chache tu za maji katika kila chembe milioni. Miezi hii ya Januari lango huwa na baridi kali zaidi kuliko Agosti, kwa hiyo hewa inayopita sasa ndiyo kavu zaidi. El Niño, yaani kupata joto kwa Bahari ya Pasifiki, nayo hubadilisha joto la lango, na vilevile pepo za juu zinazogeuka mashariki na magharibi kwa mzunguko wa miezi 28 hivi. Zipo pia njia za kando: gesi ya methani huvunjika huko juu na kuzaa maji, na dhoruba kali hurusha barafu moja kwa moja. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya chini ya bahari huko Tonga ilirusha takribani tani milioni 150 za maji, karibu asilimia 10 ya yaliyokuwamo katika stratosfia nzima.

Alinyamaza, akaomba nimwonyeshe kile kitambaa.

Tangu saa nane sikumbuki vizuri mfuatano wa mambo. Wingu liliota upande wa kaskazini, kichwa chake kikatandaa bapa kama fuawe mahali kilipogota lango lile. Umeme ukakatika, nikatuma taarifa kwa simu, nikalowa mara tatu kwenda kwenye kipimamvua. Milimita 41. Ninajivunia kwamba hakuna saa iliyoachwa wazi daftarini.

Giza lilipoingia nilikwenda kwa jirani kuomba maji ya betri, yasiyo na chokaa, nikajaza chupa ya kitambaa kwa ajili ya mwenzangu wa usiku.