Sahihi Mbili

Binti yangu mdogo ameanza kusoma, na siku hizi hakuna kinachopona: maboksi ya dawa, vibao vya milango, risiti zangu. Jumapili alisimama mbele ya ile fremu iliyo juu ya cherehani ya marehemu mama, akaipitia kwa kidole, neno kwa neno, kisha akageuka.

"Mama, huyu ni nani?"

Nikamwambia si mtu, ni kampuni yetu.

"Mbona ana cheti cha kuzaliwa?"

Nilicheka, maana ukikitazama kwa jicho la mtoto hakikosi kitu: jina, namba, tarehe, mhuri wa msajili. Ila hilo neno "huyu" halikuniacha. Mara ya kwanza kulisikia likitumika hivyo ilikuwa kwa yule wakili wetu, mzee wa kufuta miwani kila baada ya sentensi mbili. "Huyu mnayemzaa," alituambia, "ni mtu mwingine. Si wewe, wala si mdogo wako." Mdogo wangu, ambaye hawezi kuacha ngeli iliyokosewa ipite, akamkatiza kwa adabu: kampuni ni hii, mzee, si huyu. Wakili akavaa miwani. "Kwenye sarufi ni hii. Kwenye sheria ni huyu."

Nilikuwa tayari kukubali ngeli yoyote. Baada ya yale ya sare za shule, ambayo sitayarudia, nilikuwa nimeapa deni la vitambaa lisije tena kugonga mlango ninamolala. Nilikuwa nikifanya biashara kwa jina langu mwenyewe, na biashara ya namna hiyo ikidaiwa unadaiwa wewe mpaka kitanda. Kampuni yenye dhima yenye ukomo, alieleza wakili, ikizama inazama na mali zake. Mwanahisa anapoteza alichoweka, au alichoahidi kuweka kwenye hisa zake, basi. Akatusimulia habari za Aron Salomon, fundi viatu wa London, aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Sheria ya wakati huo ilitaka wanahisa saba, naye akawaandika mkewe, binti yake na wanawe wanne, hisa moja moja. Yeye akabaki na 20,001. Kampuni ilipofilisika, mfilisi, yaani aliyepewa kazi ya kuifunga na kulipa wadai wake, akataka Salomon alipe madeni mwenyewe, kwani kampuni gani hiyo kama si yeye na familia yake? Mahakama za chini zikamkubalia mfilisi. Kesi ikapanda mpaka kwa majaji wa Bunge la Malodi, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1896 wakasema hapana, huyu ni Salomon na yule ni kampuni, kila mtu na deni lake.

Nilimpenda sana Salomon siku ile.

Usajili wenyewe sina la kusimulia. Majina mawili yalikataliwa kwa kufanana na ya wenzetu, la tatu likapita. Hisa 100, zangu 60, za mdogo wangu 40, wote wawili wakurugenzi. Katiba ya kampuni niliisoma kwa makini mpaka ukurasa wa tatu. Kisha namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, cheti. Zikabaki cherehani tisa na ovaloki, ambazo ilibidi niiuzie kampuni kwa maandishi, na wakili akasisitiza bima nayo ihamie jina la kampuni siku hiyohiyo. Kumbe mtu mmoja aitwaye Macaura aliwahi kuiuzia kampuni yake mbao zake, bima akaikata kwa jina lake. Mbao zikaungua, na mwaka 1925 majaji wa Bunge hilohilo wakamwambia halipwi, kwa sababu kilichoungua hakikuwa chake. Cherehani ya mama niliitoa kwenye orodha. Sikueleza kwa nini, na wakili hakuuliza.

Miezi michache baadaye tukaenda benki kukopa fedha za mashine ya kutarizi. Hapo ndipo akili yangu ilipogoma kusonga, hata leo.

Mkataba wa mkopo ulikuwa kurasa kumi na nne. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye meza, mfupi kiasi kwamba ulilazimika kuinama kuifuata. Nikainama, nikatia sahihi juu ya neno "Mkurugenzi". Mdogo wangu akainama, akatia yake. Nikagonga mhuri wa kampuni, mpya, wino wake bado mwingi, ukaacha alama nene kama ya mtu mwenye haraka. Nikadhani tumemaliza. Nilishafunga mkoba.

Afisa mikopo, kijana mpole, akatoa karatasi nyingine chini ya faili na kuisukuma kwa vidole viwili. "Na hapa, dada. Hii ni ya kwenu wenyewe."

Juu iliandikwa dhamana binafsi endelevu. Kampuni isipolipa, tutalipa sisi, kwa pamoja na kila mmoja peke yake, bila kikomo. Nilisoma hayo maneno mawili ya mwisho, nikayarudia.

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza. "Sasa ukomo uko wapi?"

Kijana hakukasirika wala hakucheka. "Ukomo upo, kaka. Kwa wengine."

Na alikuwa sahihi, jamani! Muuza vitambaa angegonga mlango wa kampuni na kuishia hapo. Benki ilikuwa imeomba ufunguo wa mlango wa nyuma. Tulikaa kimya. Nilimwona mdogo wangu akiupima ule uzi wa kalamu kwa jicho, na nikajua anawaza ninachowaza, kwamba chumba kizima kile, kilichokuwa na ukomo ni kalamu tu. Nusura tuangue kicheko mbele ya mkopo. Tungeweza kukataa, tukasimama, tukaenda kwingine. Sijui kama kwingine hakukuwa na karatasi kama ile. Nikainama. Sahihi ya pili ilitoka ndogo kuliko ya kwanza, bila cheo chini yake na bila mhuri, jina langu tu, lile nililopewa na mama.

Mkopo tuliulipa wote, kabla ya muda. Mdogo wangu baadaye akapata njia yake, akaniuzia hisa zake, tukapeleka fomu za kujiuzulu kwake ukurugenzi, tukakumbatiana.

Jumapili usiku, kwa sababu ya "huyu", nilishusha faili. Dhamana ipo. Barua ya benki ya kuwaachilia wadhamini haipo, na nikijisema kweli, haikuwahi kuombwa. Safari hii niliisoma yote. Inagusa mikopo ya sasa na ya baadaye. Mdhamini kuuza hisa au kuacha ukurugenzi hakumwondolei wajibu. Na mwaka jana kampuni ilikopa tena, benki ileile, na hakuna aliyetuletea karatasi mpya ya dhamana. Nilidhani tumekua, tunaaminiwa.

Mdogo wangu sijamwambia. Amejenga, ana watoto, na kila akinipigia huuliza, "Mtoto wetu hajambo?" akimaanisha kampuni.

Asubuhi nimeandika barua ya kuomba aondolewe. Aya mbili, imenyooka. Nilipofika pa kutia sahihi nikakwama: anayeomba ni mkurugenzi, au ni mimi? Mhuri uko mezani, kifuniko wazi. Wino umeanza kukauka.