Mechi 120 kwa siku moja

Ratiba ya kwanza ya siku yetu ya gemu niliyoibandika mlangoni ilidumu dakika 40. Niliichapisha kwa rangi, kurasa mbili, na nilipoitazama niliona nimefanya jambo: saa 3:00 asubuhi mechi mbili za kwanza, saa 3:12 mbili zinazofuata, saa 3:24 mbili nyengine, hivyo hivyo mpaka chini. Ilipofika saa 3:40 hakuna padi ya kuchezea iliyokuwa imeshikwa, na kompyuta sita zilikuwa bado juu ya punda.

Kwa asiyeijua Lamu: vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Ukitaka kuhamisha kompyuta za mezani kutoka Mkomani mpaka Langoni, unazo njia tatu: kichwa chako, mkokoteni, au punda. Sisi tulizifunga ndani ya mashuka na magodoro ya watoto, tukampa mwenye punda, naye akapita kwanza kupeleka mchanga wa watu. Punda ana ratiba yake.

Klabu yetu ni ndogo, watu ishirini na kitu. Wengi ni wa hapa mjini, wachache wa Shela, wachache wanavuka kutoka Mokowe. Mara mbili tatu kwa mwaka tunakusanyika siku nzima katika ukumbi wa chini wa nyumba ya ami yangu, tunaunganisha mashine kwa kebo, tunacheza. Intaneti hatuihitaji, ndiyo raha ya LAN, yaani mtandao wa ndani. Kazi ya kupanga ratiba nilipewa mimi kwa sababu natengeneza simu, na watu huku wakikuona na bisibisi ndogo wanaamini unajua kila kitu chenye waya.

Sasa, mechi 120. FIFA, gemu la mpira, ndiyo iliyojaza majina upesi: watu 16, PlayStation mbili. Nikasema kila mmoja acheze na kila mwenzake, ndiyo haki. Haki ni kitu kizuri mpaka uipigie hesabu. Watu 16, kila mmoja na wenzake 15, gawa kwa mbili, unapata mechi 120. Kila kipindi dakika 4. Ongeza kuchagua timu, ongeza marudio ya bao ambayo mfungaji hakubali kuyaruka, ongeza kugombania padi ile nzima, mechi moja inakula dakika 12. Mara 120 ni dakika 1,440. Yaani saa 24 kamili, usiku na mchana, bila mtu kuswali wala kwenda msalani. Kwa mashine mbili ni saa 12, na hiyo ni FIFA peke yake. Hesabu hii niliifanya nikiwa nimesimama mbele ya karatasi yangu ya rangi, mtoto wa ami akiniuliza mbona mechi ya mwisho imeandikwa kumalizika saa 3 usiku.

Mara ya pili nikaruka upande mwengine: mtoano tangu mwanzo. Watu 16, mechi 15, kama saa moja na nusu tumemaliza. Nilijiona mjanja. Ila mtoano unatoa watu wanane katika raundi ya kwanza, na mmoja wao alikuwa kijana wa Mokowe aliyeamka alfajiri, akalipa boti, akabeba padi yake mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni asije akaibiwa kitufe. Alifungwa 5-0. Dakika 12. Siku nzima iliyobaki aliketi kwenye ngazi akila mabuyu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu angelalamika ningemjibu.

Siku hizi nafanya makundi manne ya watu wanne. Kila kundi mechi 6, jumla 24, wawili wa juu wanapita, halafu robo fainali mpaka fainali mechi 7. Jumla 31, saa tatu na ushei kwa mashine mbili. Anayefungwa na kila mtu amecheza mara tatu.

FIFA, hata hivyo, haikuwa shida kubwa. Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa napanga gemu kana kwamba kila gemu lina watu wake. Hawapo. Wale wale wanaojiandikisha FIFA ndio wanaojiandikisha Counter-Strike, gemu la kupigana risasi kwa timu, ndio hao hao wanaotaka Age of Empires, la kujenga dola na kuivamia ya mwenzio. Nikiita nusu fainali ya FIFA, mmoja wa wachezaji yuko kwenye kompyuta amevaa hedifoni, amebaki peke yake dhidi ya wawili, na timu nzima imesimama nyuma yake. Umwondoe? Jaribu. Mara moja nilimpa mpinzani wake ushindi wa mezani, na hatukusemeshana na yule bwana mpaka mfungo ulipoingia.

Kwa hiyo sasa nachukua daftari la mistari, naandika majina ya watu pembeni, saa juu, na natia alama pale mtu anapotakiwa. Ukiona jina moja lina alama mbili kwenye saa moja, umeshapata ugomvi wa Jumamosi ukiwa bado Jumatano. Counter-Strike, toleo letu la 1.6, inakamata watu kumi kwa mpigo, tano kwa tano, kwa hiyo wakati wake sipangi mechi nyengine rasmi hata moja. Na hatuchezi raundi 30 kama wakubwa walivyoicheza 1.6. Raundi 6 kila upande, wa kwanza kufikisha 7 amepita, kama dakika 40 pamoja na maneno. Timu nne: nusu fainali mbili, mshindi wa tatu, fainali. Na mechi ya mshindi wa tatu ndiyo inayofuata nusu fainali, watu wakiwa bado na hasira. Ukiiacha mpaka jioni hawachezi, wameshakuwa marafiki tena.

Kompyuta tunazo 14. Kumi zikiwa vitani, nne zinabaki, na juu ya hizo nne ninaweka Quake III, gemu la mwaka 1999 linalokubali hata mashine iliyochoka. Halina ratiba. Unaingia, unauawa, unazaliwa tena, unaondoka ukiitwa. Kila siku ya LAN inataka gemu moja la namna hii, lisilojali nani amekuja na nani amekwenda kununua viazi karai.

Ile PlayStation ya pili, robo fainali zikimalizika, tunaiacha kwa atakaye. Fikra hiyo imetoka barazani. Kuna mzee hucheza bao nje ya nyumba ya ami, alikuja kulalamikia kelele, akasimama mlangoni akatazama, kisha akauliza, "Mwateza nini yeo, mbona huyu aketee tu?" Yaani mnacheza nini leo, mbona huyu ameketi tu. Nikamweleza anangoja zamu. Akasema wao kwenye bao hakuna karatasi: anayefungwa anainuka, anayefuata anaketi. Tukafanya hivyo. Tatizo likawa kijana mmoja wa Shela ambaye hafungiki, aliketi saa nzima na nusu, tukawa tunaingia kwake mmoja mmoja kama wagonjwa kwa daktari. Sasa ukishinda mara tatu mfululizo unainuka kwa heshima. Mzee alipoambiwa kanuni hiyo alicheka, akasema mtu akiwa hafungiki dawa si kumwinua, ni kujifunza.

Kuhusu waya nitasema kwa ufupi, maana fundi wa umeme ameshanisema ya kutosha. Kuta za nyumba ile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima, wifi haipenyi hata kwenda chumba cha pili; kebo ndiyo dini. Soketi moja ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba wati 3,120. Nikikadiria kompyuta ya mezani na skrini yake wati 300, kumi tu zimeshaijaza, na sisi tulikuwa tumechomeka 14 kwenye ekstensheni zilizopandana kama mabua. Fyuzi ilikufa katikati ya raundi. Siku hizi tunagawa kwa laini mbili za nyumba, na birika la chai halichomekwi ukumbini, hata akija nani.

Kisa cha ruta ndicho kilichonila muda mrefu zaidi, saa moja na robo. Mashine saba zilionana, saba nyengine zilionana, lakini saba hizi hazikuziona saba zile. Nilibadilisha kebo, nikasafisha vichwa vyake (hewa ya chumvi inaweka ukungu wa kijani kwenye shaba, ukikaa pwani unazoea), nikazima ngome ya usalama ya kila Windows. Kumbe mwenzetu mmoja alikuja na ruta ya kwao, akaichomeka kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote, ili kuongeza matundu. Ruta ikaanza kugawa anwani zake, zile namba mashine hutambuana kwazo, kando ya zile za seva yetu, nusu ya watu anwani zao zikaanza na 192.168.0 na nusu 192.168.1, majirani wasiosalimiana. Tangu siku hiyo nimeweka saa nzima ya mwanzo bila mechi. Nimeiandika "kuunganisha na kusalimiana". Na gemu zote zinanakiliwa kwa flashi siku mbili kabla, toleo moja kwa wote. Kijana aliyekuja na StarCraft II yake nilimwonea huruma. Ile ya mwaka 2010 ilitoka bila kucheza kwa mtandao wa ndani, inataka seva za kampuni, na sisi pale hatuna hata intaneti ya kutuma picha.

Halafu kuna sala. Mwanzo nilikuwa nazipachika kama vipumziko kati ya mechi. Nilikosea. Sala hazisogei, mechi ndizo zinazosogea, basi sasa naandika sala kwanza na kilichobaki ndiyo siku yangu. Hapa tuko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, saa za adhana hazihami sana kati ya mwezi na mwezi, kwa hiyo daftari la mwaka jana bado linafaa. Baina ya Adhuhuri na Alasiri, ukitoa sala yenyewe na wali, unabaki na saa mbili. Nusu fainali mbili za Counter-Strike ni dakika 80. Zile 40 zilizobaki siziandiki kitu. Wenzangu waliniuliza mbona pana nafasi tupu. Nikawaambia subirini. Siku ile umeme wa mtaa ulikatika dakika 35.

Age of Empires bado haijanikubali. Watu wanane, wanne kwa wanne, inaweza kwisha dakika 40, inaweza ikaenda saa mbili na hakuna anayejua mbele ni wapi. Mara ya mwisho tuliianza baada ya Alasiri, tukakubaliana adhana ya Magharibi ndiyo kipyenga, mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Adhana ikalia. Timu ya Langoni iko juu kwa pointi, lakini manati ya Mkomani yameshafika ukutani kwao yanarusha mawe. Mmoja akabonyeza F3, gemu likaganda, tukaenda kuswali wote wanane bila kusema neno. Tuliporudi, mwenye punda alikuwa mlangoni, na kesho yake ana mchanga.

Tukaihifadhi. Mechi ile imo kwenye flashi yangu mpaka leo, na kuifungua kunataka wale wale wanane. Mmoja yuko chuoni Mombasa, anasema atarudi Maulidi. Nimeshaiweka kwenye daftari: Jumamosi, baada ya Alasiri. Saa ya kumaliza sijaandika, na mwenye punda nimemwambia aje Jumapili.