Beetle ya mwaka 1969 na mlango uliokataa kufunga

Nilipoinunua Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufungua kifuniko cha nyuma na kuitazama injini. Ni injini ndogo isiyo na rejeta wala maji, na ukiitazama unaona kama kila kifaa kinakualika ukiguse. Nilikaa nayo majuma mawili nikisafisha kabureta, nikibadilisha plagi na kuseti tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, na siku ilipowaka nilijiona fundi kamili. Kumbe muda wote huo nilikuwa nimeegemea gari ambalo sakafu yake, upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, ilikuwa imebaki zulia na rangi tu.

Hapo ndipo betri ya gari hili inapokaa. Asidi inayovuja kidogo kidogo kwa miaka mingi hula bati bila mtu kuona, kwa kuwa kiti kimefunika kila kitu. Kiti chenyewe kina springi za chuma, na betri isipokuwa na kifuniko chake, uzito wa abiria wa nyuma unaweza kuzishusha springi hadi ziguse vichwa vya betri na kuwasha moto. Kifuniko cha betri yangu hakikuwapo, nami nilikuwa nimekwisha kuwapakia watu nyuma mara mbili.

Nilichukua bisibisi nikaanza kugongagonga chini ya gari lote. Bati zima hutoa mlio mkali. Lililooza hutoa mlio mzito kama wa ubao, na mara nyingi bisibisi huzama yenyewe. Kisha nikapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya madigadi na chini ya milango, nikagundua mahali ambapo haishiki kabisa: aliyekarabati gari hili kabla yangu alikuwa ameziba matundu kwa puti, ule udongo wa kujazia bodi, akapaka rangi, na chini ya puti kutu iliendelea na kazi yake kwa utulivu. Kwingine alichomelea bati jipya juu ya bati bovu. Sijui kosa lililo baya zaidi ya hilo, kwa sababu maji huingia kati ya mabati mawili na hayatoki tena.

Ili kosa langu mwenyewe lieleweke, inabidi nieleze gari lilivyoundwa. Chini kuna chesisi yenye mhimili mmoja wa katikati, mfano wa uti wa mgongo, ambamo hupita kebo za klachi na za aksileta, fimbo ya gia na bomba la petroli. Kushoto na kulia kwake zimechomelewa sakafu mbili za bati. Bodi hukaa juu ya chesisi hiyo na kufungwa kwa bolti kuzunguka ukingo wote, katikati yake ukiwa umelazwa ukanda wa mpira. Kila upande wa bodi, chini ya mlango, kuna mfereji wa chuma wenye umbo la sanduku refu, ambao kwa macho ya mwenye gari kazi yake ni kupeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi mbele, miguuni pa dereva na kwenye kioo. Kwa macho ya fundi, mfereji huo ni msingi wa nyumba. Nguzo ya mbele inayobeba bawaba za mlango na nguzo ya nyuma inayobeba kitasa zote mbili zimesimama juu yake, na hakuna kingine cha maana kinachozishikilia kwa chini.

Mimi nilikuwa na macho ya mwenye gari. Niliing'oa bodi kutoka kwenye chesisi, nikaiweka juu ya magogo manne, nikawasha grinda na kuukata mfereji wa kushoto wote kwa mchana mmoja, tena kwa furaha, maana ulikuwa umeoza kiasi cha kumwagika kama majani ya chai. Siku ya pili nikauweka mfereji mpya, nikaupima kwa jicho, nikauchomelea. Nilipoupachika mlango ndipo nilipoona: juu, karibu na kitasa, pengo lilikuwa milimita 9, na chini mlango ulikuwa unakwaruza. Kitasa hakikufikia mahali pake. Bodi ilikuwa imelegea na kujikunjua kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kukiona ukisimama kando, lakini mlango hauhitaji kosa kubwa ili ukatae kufunga.

Nilimwita fundi mmoja mzee aliyewahi kuyatengeneza magari haya kwa miaka mingi. Aliufungua mlango, akaurudisha, akaniuliza swali moja: kabla ya kukata, ulifunga pau za chuma ndani ya bodi, zishike umbo lake? Sikuwa nimefunga. Hakusema neno jingine, na kwa kweli halikuhitajika.

Kulirekebisha kosa la mchana mmoja kulinichukua miezi miwili. Ilinibidi niukate ule mfereji mpya nilioulipia, niichomelee pau ya mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa kila upande, nyingine ikipita kati ya milango miwili, kisha nitumie jeki ndogo kuzivuta nguzo pole pole huku mlango ukiwa umepachikwa, mpaka pengo lilingane juu na chini. Baada ya hapo ndipo nilipoirudisha bodi juu ya chesisi, nikafunga bolti zote pamoja na ule ukanda wa mpira, nikachomelea mfereji ukiwa hapo hapo utakapokaa maisha yake yote. Chesisi yenyewe ndiyo kipimo bora kuliko futi yoyote. Laiti ningeyajua hayo tangu mwanzo, nisingeing'oa bodi kabisa. Ningefanya upande mmoja kwa wakati mmoja, mlango ukiwa mahali pake.

Kuchomelea bati jembamba kama hili, lisilofika hata milimita moja sehemu nyingi, ni kazi ya subira. Ukivuta mstari mmoja mrefu, joto hulikunja bati nalo halirudi. Unaweka nukta moja hapa, nyingine sentimita 10 mbele, unarudi katikati, unasubiri lipoe, unaendelea. Tangi la petroli, ambalo katika gari hili liko mbele chini ya boneti na huchukua lita 40, niliishalitoa na kulipeleka mbali kabla ya cheche ya kwanza, na betri pia. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo nilipiga msasa wa maji nikiwa nimevaa barakoa ya kuchuja vumbi, na ndani ya ngoma za breki, ambako viatu vya zamani mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, sikupuliza hewa hata mara moja. Nililowesha vumbi na kulifuta.

Kuhusu kuweka kumbukumbu, nitasema kwa ufupi: piga picha kabla ya kufungua, tia kila kundi la bolti katika mfuko wake, andika jina la kundi kwenye mfuko. Nilidhani nitakumbuka. Bolti za madigadi nazijua hadi leo kwa kuwa nilizipanga upya mara tatu.

Niliporudi kwenye injini nilikuwa mtu mwingine, sina haraka. Huondolewa kwa urahisi wa kushangaza: unatenganisha nyaya, kebo, mpira wa petroli na mabomba ya hewa ya moto, unafungua bolti na nati 4 zinazoishika kwenye giaboksi, kisha unaishusha juu ya jeki na kuivuta nje. Nilichotaka kujua kwanza ni uchezaji wa kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Unashika puli ya nyuma, unaivuta na kuisukuma, unapima kwa saa ya vipimo. Ikizidi sana milimita 0.15, injini inahitaji kufunguliwa yote. Yangu ilikuwa 0.11, na nikaamua kutoifungua. Wapo watakaosema kwamba ikishatoka ni heri kuifanya yote, lakini mimi naona kifaa kilicho ndani ya vipimo kimekwisha kujitetea chenyewe.

Nilichokibadilisha bila mjadala ni mipira yote ya petroli. Injini iko nyuma, petroli inatoka mbele, na mpira uliokauka ukipasuka juu ya chuma cha moto, gari huungua lote. Ndivyo Beetle nyingi zilivyokwisha. Silinda ya 3 nayo ina kisa chake. Katika injini za miaka hiyo kipoza oili kimesimama ndani ya njia ya hewa, mbele ya silinda hiyo, hivyo hupata hewa iliyokwisha kupashwa moto na valvu yake ya kutolea moshi ndiyo inayoungua mapema kuliko nyingine. Ndiyo maana tapeti naziseti mwenyewe, milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, na oili, ambayo ni lita 2.5 tu na haina filta ya karatasi bali kichujio cha wavu, nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kuongeza hata siku moja.

Vipuri havikunisumbua. Gari hili lilitengenezwa hadi tarehe 30 Julai 2003, la mwisho likitoka Puebla, Mexico, na yote kwa jumla ni zaidi ya milioni 21, kwa hiyo karibu kila kipande bado kinatengenezwa. Ubora ni jambo jingine: madigadi mapya niliyonunua yalihitaji matundu yatoboliwe upya, hata nikaishia kuyanyoosha ya zamani. Dashibodi nimeiacha na rangi yake ya kiwandani, pamoja na mkwaruzo mrefu ambao sijui nani aliuweka.

Raba zote za milango na vioo ni mpya sasa. Juzi nilipandisha vioo, nikaingia, nikavuta mlango wa kushoto, ukagonga na kurudi. Moyo ulinishuka. Nilivuta tena, ukarudi tena, nikaanza kutafuta futi. Kisha nikakumbuka jambo ambalo kila aliyewahi kuwa na gari hili hulijua: bodi yake imezibika vizuri kiasi kwamba hewa ya ndani haina pa kutokea. Nikashusha kioo kwa vidole viwili, nikavuta mlango kwa mkono mmoja, ukafunga kwa mlio mmoja mfupi.