Siku moja na pudeli wanaong'ata, Nairobi

Saa 12 asubuhi

Kuku anachemka jikoni, kifua peke yake, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Akipoa namkata vipande vidogo vya kutosha kumezwa mara moja, natia kwenye mfuko wa kiunoni. Huku nikisubiri, nasoma ujumbe ulioingia usiku.

Kazi yangu ni kurekebisha tabia za mbwa majumbani hapa Nairobi, na siku hizi wengi wanaonitafuta wana pudeli, wale mbwa wa nywele za kujikunja. Naelewa kwa nini watu wanampenda. Hapukutishi manyoya ovyo, anaelewa haraka, anatosha kwenye nyumba ya ghorofa. Halafu siku moja anamng'ata mgeni, na nyumba nzima inashindwa kuelewa.

Ujumbe wa leo unasema mbwa wa miaka tisa, mpole tangu utotoni, wiki hii anataka kumng'ata kila anayemnyanyua. Huyo siendi kumfundisha. Namjibu mwenye mbwa ampeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Pudeli wadogo wana matatizo ya mfupa wa mbele ya goti kuhama, meno yao huharibika mapema, na baadhi hurithi ugonjwa wa macho unaowapofusha polepole. Mbwa asiyeona vizuri akishikwa bila kutarajia, atajikinga kwa meno. Maumivu hayatibiwi kwa mafunzo.

Saa 2 na nusu, Kilimani

Pudeli wa umbo dogo kabisa, wale ambao kwa kipimo cha shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, wana sentimita 24 hadi 28 begani. Mama mwenye nyumba akimpakata kwenye kochi, mumewe hathubutu kusogea.

Nilimwomba baba apite kwa mbali, polepole. Alipopiga hatua ya kwanza, ulimi wa mbwa ulitoka ukalamba pua. Hatua ya pili, akageuza kichwa pembeni huku macho yakibaki palepale kwa baba, mpaka weupe wa jicho ukaonekana. Hatua ya tatu, akaacha kuhema kwa mdomo wazi, akaufunga, mwili wote ukakakamaa. Nikamwambia baba asimame. Mngurumo ulikuwa bado, lakini mbwa alikuwa ameshaomba nafasi mara tatu.

"Mimi nikimwona akilamba pua hivyo, simgusi," akasema dada wa nyumbani kutoka mlangoni. Ndiye anayempa chakula, na hajawahi kung'atwa. Nilimwomba aje akae nasi, kwa sababu mipango mingi ya aina hii huharibika pale ambapo mtu anayeshinda na mbwa hakuulizwa chochote.

Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kazi hii. Mbwa mkubwa akinguruma, watu hutawanyika. Pudeli wa kilo tatu akinguruma, watu hucheka, humbeba juu, humbusu, humrekodi wawaonyeshe marafiki. Baada ya muda anajifunza kwamba kunguruma hakumsaidii, anaruka moja kwa moja kwenye meno. Wengine humchapa kila akinguruma, na hapo unapata mbwa hatari kuliko wote: ananyamaza, kisha anang'ata. Nilimwambia yule mama, mngurumo ni onyo, na anayekuonya anakupa nafasi ya kurudi nyuma. Usimnyime sauti hiyo.

Tulianza hivi. Mbwa amewekewa godoro lake kando ya kochi. Mama akimwita ashuke, analipwa kipande cha kuku. Baba anapita umbali ambao mbwa hajakakamaa bado, anadondosha kipande, anaendelea na safari yake. Hasimami, hamwinamii, hamkodolei macho. Akitaka kusogea, mbwa ndiye asogee. Dakika chache, kisha basi.

Nikauliza alivyolelewa. Alifika akiwa na wiki nane na hakutolewa nje mpaka chanjo zikamilike, akiwa na karibu miezi mitano. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne, mtoto wa mbwa ndipo anapopokea ulimwengu kwa urahisi. Mtu au kitu asichokutana nacho wakati huo, baadaye humtisha. Ni kweli asiwekwe chini mahali wanapopita mbwa wasiochanjwa. Lakini anaweza kubebwa mikononi aone askari wa getini na sare yake, mwendesha boda na helmeti yake, watoto wa jirani, lifti, na wanaume wenye sauti nzito.

Saa 5, kwa kinyozi wa mbwa

Hapa nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Kinyozi aliniita kwa sababu ya pudeli wa kimo cha kati anayeng'ata mikono akikaribiwa na mashine. Walishamkatalia kwingine.

Nywele za pudeli hazikomi kukua. Zisipochanwa hadi kwenye ngozi, husokotana chini kwa chini wakati juu zinaonekana nzuri tu. Nilipitisha vidole nyuma ya sikio la huyu nikakuta donge gumu kama gunia lililolowa likakauka. Kila alipogeuza shingo, donge lilivuta ngozi. Huyo mbwa alikuwa akivutwa nywele mchana na usiku, kisha watu wakashangaa kwamba hataki kuguswa kichwani.

Tuliweka meza chini, tukaizima mashine, nikamwachia mfuko anuse. Nikagusa bega, nikampa kuku. Shingo, kuku. Nilipofika sikio la kushoto aligeuka haraka, meno yakapita hewani karibu na kifundo cha mkono wangu, bila kugusa. Alipima. Mbwa akitaka kung'ata hakosi mkono ulio karibu hivyo. Nilirudisha mkono nyuma taratibu, nikasubiri alegee, kisha nikamwomba kinyozi aangalie bila kushika. Ndani ya sikio palikuwa pekundu, pana uchafu wa kahawia na harufu kali ya chachu. Masikio ya pudeli yanalala, yana nywele ndani, hewa haipiti, na maambukizi hupata makao.

"Kwa hivyo leo hatumnyoi?" akauliza kinyozi.

"Leo anaenda kwa daktari. Madonge yale atanyolewa kule, akiwa amepewa dawa ya usingizi."

Mwenye mbwa alikuja akiwa na haya nyingi. Nilimwambia mbwa wake si mbaya, anaumwa. Nilimwonyesha pia kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kinachomruhusu mbwa kuhema na kunywa maji, na jinsi ya kumzoesha kwa kuweka chakula ndani, siku baada ya siku, mpaka aingize mdomo mwenyewe. Safari za matibabu zitakuwa salama kwa kila mtu.

Saa 7 mchana

Chapati na maharagwe kibandani, Barabara ya Ngong. Simu ya mzee mmoja, baba wa mteja: nimlaze mbwa chali, nimkandamize, ajue nani mkubwa. Nilimsikiliza kwa heshima. Kisha nikamweleza kwamba fikra ya mbwa mwitu mkuu anayetawala kwa nguvu ilienezwa sana na maandishi ya mtafiti Mmarekani, L. David Mech, ya 1970, na ni Mech huyohuyo aliyeandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia, wazazi wakiongoza watoto wao. Mbwa mwenye hofu ukimkandamiza, unampa sababu ya kukuogopa. Mzee akasema atamwambia kijana wake asubiri. Nilishukuru.

Saa 9, Karen

Pudeli mkubwa, zaidi ya sentimita 50 begani, anashinda akikimbia kando ya ua na kurukia geti kila boda inapoleta mzigo. Watu husahau kwamba huyu ni mbwa wa kazi, aliyefugwa Ujerumani na Ufaransa kuokota bata waliopigwa risasi majini. Ile mitindo ya kunyolewa ilianzia huko: mwili ukapunguzwa manyoya aogelee, kifua na viungo vikaachwa na joto. Akili ya namna hiyo ukiifungia uani, itajitafutia kazi, na geti ndiyo kazi aliyoipata.

Tumepanga chakula chake kitawanywe kwenye nyasi akitafute kwa pua, matembezi asubuhi na jioni, mchezo wa kurudisha mpira, na uzio wa ndani umweke mbali na geti saa za mizigo. Askari amekubali kumwita na kumlipa kabla pikipiki haijasimama.

Saa 11 jioni

Simu ya haraka. Mtoto wa jirani ameng'atwa mkononi na pudeli, ngozi imechanika kidogo, na watu wazima wanabishana kama inafaa kwenda hospitali. Niliwaambia wafungue bomba sasa hivi: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha hospitali leo leo. Kadi ya chanjo ya mbwa waibebe. Mbwa atengwe na aangaliwe siku 10. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kenya ina mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu kati ya 2014 na 2030, na kila pudeli anayelala kitandani yumo ndani ya hesabu hiyo. Walienda. Mtoto amepata sindano ya kwanza.

Saa 2 usiku

Daktari ameandika kuhusu yule wa kinyozi: maambukizi masikio yote mawili, la kushoto limefika ndani, dawa kwa wiki kadhaa. Nimemtumia mwenye mbwa maelekezo: asimguse kichwa nje ya saa za dawa, watoto wasimkumbatie, kikapu cha mdomo kiwekwe sakafuni na kuku ndani, mara mbili kwa siku. Mafunzo ya mkono na sikio tutayaanza daktari akisema amepona.

Ameuliza kama anaweza kumchana mgongoni, ambako hapaumi. Anaweza, mradi mbwa akilamba pua au kukaza mwili, aweke kitana chini.